Gari Lililoingia Kinyumenyume

Karatasi ilikuwa ya njano, imekunjwa mara nne, na ilinuka sabuni. Inspekta aliikunjua juu ya meza ya kulia, akaisoma mbele, akaigeuza akaisoma nyuma, kisha akaishika kwenye mwanga wa dirisha kana kwamba ni noti ya bandia. Shemeji yake alikaa kando akimtazama, mikono mapajani. Vidole vyake vilikuwa vimesinyaa kama vya mtu aliyetoka kuoga sasa hivi, maana mtu wa dobi hana siku kavu.

Watu walimwita Inspekta ingawa alikuwa ameacha polisi miaka sita iliyopita. Sasa alichunguza kwa malipo: bima zilizoliwa, stoo zilizopungua, waume wasiolala kwao. Kazi hii haikuwa na malipo. Mkewe alikuwa amemwambia asubuhi ile, bila kuinua macho kutoka kwenye vitunguu, kwamba mtu anayepeleleza ndoa za watu hawezi kushindwa na kipande cha karatasi cha mdogo wake. Hukumu ya namna hiyo haina rufaa.

Kipande chenyewe kilitoka kwa kampuni binafsi iliyokodiwa na hospitali kusimamia maegesho. Kilisema kwamba Jumanne gari dogo jeupe la shemeji lilikutwa kwenye nafasi ya wageni saa mbili na dakika kumi asubuhi, na likakutwa papo hapo saa tano na dakika ishirini. Mgeni anaruhusiwa kukaa muda wa saa mbili. Mfanyakazi haruhusiwi kabisa. Mwenye gari alipe, au apinge kwa maandishi kabla ya saa kumi jioni ya Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na jua lilikuwa limeshaanza kuinama.

Fomu ya kupinga ilikuwa imebanwa nyuma. Kisanduku cha nne kiliuliza nani alikuwa akiendesha gari. Chini kabisa, kwa herufi ndogo za kuumiza macho, palikuwa na onyo: mfanyakazi atakayeandika uongo atafukuzwa kazi.

Inspekta aliuliza kwa nini asilipe tu yakaisha. Pesa zenyewe zilikuwa za kujaza tangi la gari mara moja.

"Ni ya tatu mwaka huu, shemeji," alisema. "Zile mbili za kwanza ni zangu, nilikosea, nikalipa nikanyamaza. Ya tatu wanachukua kibali cha kuegesha. Mwaka mzima."

Alieleza yaliyobaki polepole, kama mtu anayemhesabia mwenzake nguo. Yeye ndiye msimamizi wa dobi la hospitali. Mashine zinawashwa saa kumi na moja alfajiri, na basi la kwanza linapita kwake saa kumi na mbili. Bila kibali hakuna gari, bila gari hakuna alfajiri, na msimamizi anayefika mashine zikiwa zimeshazunguka saa nzima si msimamizi tena. Aliyemtangulia katika cheo kile aliondoka kwa njia hiyohiyo, na sasa anakunja foronya kwa mshahara wa kukunja foronya. Yeye ana watoto wawili shuleni, na baba yao alishawasahau kabla hawajajua kutembea.

"Wewe uliliegesha wapi?" Inspekta aliuliza.

Aliliegesha kwenye uchochoro nyuma ya dobi, pua ukutani, kama kila siku. Tangu toroli la mashuka lilipomwangukia shingoni hakuweza kugeuka kutazama nyuma, kwa hiyo huingia kwa mbele na kutoka kwa kuomba Mungu. Alipotoka kazini saa nane mchana alilikuta upande wa mbele wa jengo, kwenye nafasi za wageni, stika imebandikwa kwenye kioo.

Inspekta alishangaa kwamba shemeji hakushangaa. Hapo ndipo alipoambiwa habari ya misumari. Uchochoro ule ni mwembamba na magari ni sita, kwa hiyo yanapangwa kwa safu mbili, moja nyuma ya lingine. Ndani ya mlango wa dobi kuna ubao wenye misumari, na kila mwenye gari huacha ufunguo wake msumarini. Anayetaka kupita huchukua ufunguo wa gari linalomziba, hulisogeza, hurudisha ufunguo. Wamefanya hivyo miaka na miaka, na hakuna aliyewahi kuandikisha nani kasogeza nini.

"Na safari hii nani alisogeza?"

"Watu kumi, vinywa kumi, jibu moja. Hakuna." Akashusha sauti, ingawa nyumbani hapakuwa na mtu mwingine. "Lakini mimi namjua. Ni Pasi, msaidizi wangu. Anakitaka kiti changu tangu mwaka juzi."

Inspekta alimtaka akumbuke alivyolikuta gari, si nje, ndani. Shemeji alifumba macho. Alisema alipokaa miguu yake haikufika kwenye pedali, ikabidi avute kiti mbele. Kioo cha pembeni cha kushoto kilikuwa kimeinamishwa kinatazama chini, kama kinatafuta sindano iliyoanguka.

Inspekta alifungua droo, akatoa kioo cha kukuzia, akakiweka juu ya picha mbili zilizochapwa kwenye karatasi. Alitazama muda mrefu hadi shemeji akaanza kukunja kitambaa cha meza bila kujijua.

"Hapa pua ya gari inatazama njia," alisema mwishowe. "Mkia uko kwenye ua. Gari lako limeingia kinyumenyume, shemeji, na limekaa katikati ya mistari kama limepimwa kwa rula. Wewe hukulifanya hili."

"Nimeshakuambia si mimi."

"Watu wengi huniambia. Sasa nimeona."

*

Ijumaa saa tatu asubuhi Inspekta alikuwa mbele ya hospitali. Alianza na aliyepiga picha.

Huyo alikuwa mtu mnene wa makamo mwenye koti la kung'aa na mashine ndogo kifuani. Wafanyakazi walimwita Dakika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kutukanwa. Alisema yeye hupiga picha za magari, hapigi za watu, na kama kila gari lingekuwa na mtu ndani wakati anapita, yeye angekuwa ameshazikwa. Hakumwona dereva. Lakini gari alilikumbuka.

"Kwa nini ulikumbuke? Hapa yanapita mangapi kwa siku?"

"Lilikuwa limepaki vizuri kuliko yote, mzee. Wageni wanapaki kama wamelewa. Lile nilisema, huyu alifundishwa."

Inspekta aliandika neno hilo kwenye daftari lake: alifundishwa. Kisha akatembea kwenye nafasi yenyewe. Ilikuwa ya pili kutoka mwisho, karibu na mlango wa wodi ya wazazi. Mistari ilikuwa ya buluu, mipya, rangi bado inanata ukiikwaruza kwa kucha. Chini ya buluu palichungulia kijani. Alimuuliza Dakika, naye akasema kampuni ilipaka upya wiki mbili zilizopita. Nafasi tatu za mwisho zilikuwa za wafanyakazi, zenye mistari ya kijani, zikageuzwa za wageni. Kibao cha kutangaza hilo kilikuwepo juu ya nguzo. Inspekta alikipima kwa macho. Ungeweza kukifunika kwa sahani.

Kutoka hapo alikwenda getini. Mlinzi wa geti alikuwa na daftari lenye jalada gumu, na kwa bahati alikuwa mtu wa mwandiko. Jumanne, kati ya saa moja na saa tatu, yaliingia magari thelathini na moja na kutoka tisa. Inspekta aliyapitia kwa kidole.

Kwanza alimtafuta dereva wa gari la mashuka. Usiku uliotangulia alikuwa ameshajenga kesi kamili juu yake: mtu mrefu, dereva wa kazi, anajua kurudi nyuma, anaufahamu ubao wa funguo. Kesi ilibomoka kwa mstari mmoja. Gari la mashuka lilitoka saa moja na nusu na kurudi saa tatu na dakika tano, na mlinzi alikumbuka dereva akimletea chenji aliporudi. Saa mbili na dakika kumi mtu huyo alikuwa upande wa pili wa mji.

Lakini mistari mitatu chini yake palikuwa na kitu kingine. Lori la oksijeni, kuingia, saa mbili na dakika mbili. Kutoka, saa mbili na dakika hamsini.

Inspekta aliuliza lori la oksijeni linapita wapi. Mlinzi alionyesha kwa kalamu. Uchochoro wa nyuma ya dobi. Hakuna njia nyingine ya kufika kwenye stoo ya mitungi.

Basi mambo yalikuwa yamebanwa ndani ya dakika nane. Lori liliingia saa mbili na mbili, likakuta magari yameziba. Saa mbili na kumi gari jeupe lilikuwa limeshakaa mbele. Aliyelisogeza alikuwa karibu, alikuwa na haraka, alikuwa mrefu, na mikono yake ilikuwa imefundishwa.

*

Pasi alipatikana kwenye chumba cha kupigia pasi, na ndipo Inspekta alipoelewa kwamba tuhuma ya shemeji yake haikuwa na miguu. Wala ya kufikia pedali. Mwanamke yule alikuwa amesimama juu ya kreti ya soda ili aifikie meza yake ya kazi. Kama angeendesha gari lile kiti kikiwa kimesukumwa nyuma, angeliendesha kwa kulala.

Alijitambulisha. Pasi hakuacha kazi. Alisema anajua yeye ni nani na katumwa na nani, na kwamba Msimamizi angekuwa na akili angemuuliza yeye mwenyewe uso kwa uso, wanafanya kazi chumba kimoja miaka saba.

"Anasema unakitaka kiti chake," Inspekta alisema.

"Nakitaka. Nani hakitaki? Nikikitaka nitakiomba kwa mkono wangu, sitakisukuma kwa gari. Mimi hata baiskeli ilinishinda."

Inspekta alimuuliza Jumanne ile saa mbili alisikia nini. Pasi aliinua pasi, mvuke ukapanda kati yao. Alisema lori lilipiga honi mara tatu, likanyamaza. Hilo lilikuwa jibu fupi, na Inspekta hakulipokea likiwa fupi. Alimkumbusha kwamba madereva wa lori hawanyamazi mpaka mtu atoke. Kwa hiyo mtu alitoka. Nani alikuwa karibu na mlango?

Pasi aliikunja aproni iliyokuwa mezani, akaikunjua, akaikunja tena vilevile.

"Mimi nilikuwa hapa juu ya kreti," alisema. "Kreti haina madirisha."

Inspekta alimshukuru. Alikuwa amehoji watu miaka thelathini, na alijua tofauti ya mtu asiyejua na mtu aliyekataa kusema. Huyu hakuwa akijificha mwenyewe. Alikuwa amesimama mlangoni kwa ajili ya mtu mwingine.

Akatoka uchochoroni, akasimama mahali lori lingesimama, akatazama pande zote. Milango ilikuwa miwili tu. Mmoja wa dobi. Mwingine ulikuwa wa chuma, umeachwa wazi kwa sababu ya joto, na ndani yake kulikuwa na ngurumo nzito ya boila inayolipa dobi mvuke.

*

Mzee wa boila walimwita Babu, wote, hata daktari mkuu. Alikuwa mrefu mpaka alizoea kuinama bila mlango. Alikaa kwenye stuli kando ya bomba, kiganja chake kimelala juu ya kitambaa kilichofungwa kwenye bomba, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Alimkaribisha Inspekta kwa sauti ya furaha, akamwonyesha kiti kilichokuwa tupu, na akamwelekezea macho kidogo pembeni ya pale alipokuwa amesimama.

Walizungumza habari za kawaida. Babu alisema ana miaka minane pale kwenye boila, hapana, ana miezi minane. Ile miaka mingine ishirini na miwili alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Alisimulia usiku wa mvua alipopeleka wazazi wawili kwa gari moja na kufika na watu wanne. Alicheka vizuri. Amebakiza miezi mitano astaafu.

Katikati ya kicheko aliingia Pasi. Hakusalimu wala hakumtazama Inspekta. Alikwenda moja kwa moja kwenye kipimo, akatazama mshale, akasema, "Sita na nusu," kama anauambia ukuta, akaandika kwenye daftari lililoning'inia kwa kamba, akatoka.

Inspekta alinyoosha mkono akalifungua daftari. Miezi minane ya namba, saa baada ya saa. Miandiko ilikuwa mitatu. Hakuna hata mmoja uliokuwa wa mkono mkubwa kama ule uliolala juu ya bomba. Wanawake wa dobi walikuwa wakipokezana kumsomea mzee mshale, zamu kwa zamu, kama watu wanaobadilishana kumbeba mtoto.

Aliingiza mkono mfukoni, akatoa kipande cha karatasi ngumu, akamkabidhi.

"Babu, hii ndiyo picha ya gari la Msimamizi Jumanne. Unalitambua?"

Mzee aliishika, akaipeleka mbali, akaileta karibu, akaitikia kwa kichwa kwa uhakika.

"Ndilo. Nalijua hata usingizini."

"Hii ni kadi ya fundi wangu wa viatu," Inspekta alisema.

Boila iliendelea kunguruma. Babu alirudisha kadi, akakosa mkono wa Inspekta kwa upana wa vidole vitatu. Hakukasirika. Alivuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo bila kujua kama ameutua mahali pake.

Alisimulia bila kuulizwa tena. Lori lilipiga honi. Aliita dobini, mashine zikala sauti yake. Dereva wa lori alishuka akasema wodi ya watoto imebakiza mitungi miwili. Babu aliingia ndani akapapasa ubao. Ufunguo wa Msimamizi, ambaye gari lake ndilo lililoziba, aliujua kwa ushanga wake. Akalitoa gari, akazunguka nalo mbele, akaliingiza kwenye nafasi ya pili kutoka mwisho. Alikumbuka kwamba pale ni pao, pana mistari ya kijani. Miaka ishirini na miwili alikuwa akilaza gari la wagonjwa palepale, mkia ndani, pua nje, ili likiitwa litoke bila kugeuka. Kioo cha pembeni alikiinamisha kwa mazoea, atazame gurudumu la nyuma.

"Ukweli ni kwamba uwanja huu naweza kuuendesha macho yakiwa yamefungwa," alisema. "Na ndivyo nilivyofanya."

"Daktari alikukataza."

"Kwa maandishi. Nikishika usukani tena ndani ya uzio huu natoka siku hiyohiyo, mikono mitupu. Nilikuwa naona kivuli, nikisema kesho kitapungua. Hakipungui." Alikirudisha kiganja juu ya bomba. "Nilitaka kusema Jumanne ileile. Nikajiambia ni kijikaratasi tu, atalipa, nitamrudishia pole pole. Sikujua ni ya tatu. Miezi mitano, Inspekta. Mbuzi anapata mimba na kuzaa kwa muda huo. Mimi nimeshindwa kuvuka."

*

Shemeji yake alikuwa kwenye stoo ya mashuka. Hakumruhusu asimame bure. Alimpa pembe mbili za shuka, yeye akashika mbili, wakakunja huku akimpa taarifa. Kurudi nyuma hatua, kukutana, kukabidhi. Inspekta alikunja vibaya, naye akawa anayarekebisha bila kumwambia. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika tano; zamu yake ilikuwa imeshaisha.

Alimpa yote kwa mpangilio: mistari, lori, dakika nane, kreti ya Pasi, daftari la boila, kadi ya fundi viatu. Alipofika kwa Babu shuka lilisimama hewani.

"Sisi tunamsomea ule mshale kwa sababu ya miwani," alisema. "Alisema miwani yake inatengenezwa."

"Miezi minane?"

Walikunja mawili zaidi. Kisha shemeji akasema basi atalipa, na kibali wachukue, atajua la kufanya. Babu ndiye aliyempeleka hospitali siku alipojifungua wa kwanza. Hawezi kumwandika mtu huyo kwenye kisanduku cha nne kama mwizi wa kuku.

Inspekta hakubishana. Aliweka mambo mezani, moja baada ya jingine, kama alivyozoea kuyaweka mbele ya mkuu wa kituo. Akilipa, Jumatatu mashine zitawashwa na mtu mwingine, na watoto wataishi kwa mshahara wa foronya. Akipinga bila kumtaja dereva, fomu itarudi. Akitaja uongo, atafukuzwa yeye. Akitaja kweli, Babu atapelekwa mbele ya bodi. Bodi inaweza kumhurumia, na inaweza isimhurumie. Hilo hawezi kuliapia.

"Na la mwisho?" aliuliza. "Nakujua. Huwa unaacha moja nyuma."

"Nafasi ile aliyoingia kinyumenyume bila kuona iko hatua saba kutoka mlango wa wodi ya wazazi. Nimezipima."

Shemeji alichukua shuka jingine, akalikunja peke yake, kidevu kikiwa mkono wa tatu. Akalikunja vizuri, pembe kwa pembe. Akachukua la pili. Alipofika la tatu aliliacha nusu.

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Mimi nilikodiwa kuchunguza. Sikukodiwa kuamua."

"Hukukodiwa. Umetumwa na dada."

"Basi dada yako hakuniambia niamue."

Alicheka kidogo, kicheko cha puani, cha mtu asiye na nafasi ya kucheka. Akafuta mikono, akatoa fomu mfukoni mwa aproni. Aliandika akiwa amesimama, karatasi juu ya rundo la mashuka, na aliandika muda mrefu kuliko kisanduku kilivyohitaji. Alipofika cha nne kalamu haikusita.

Inspekta alisema ofisi ya utawala iko ng'ambo ya uwanja, anaweza kuipeleka yeye.

"Haiendi kokote kabla hajaisikia," shemeji alisema. "Nitamwandika, lakini sitamwandika nyuma ya mgongo wake."

*

Babu aliwatambua kwa hatua zao. Alivuta stuli nyingine kwa mguu, akamwambia Msimamizi akae. Hakukaa.

"Babu, nimekuandika," alisema.

"Nisomee."

Alisoma kwa sauti ya juu ili ishinde boila. Alisema yeye hakuwa ndani ya gari. Alimtaja aliyelisogeza kwa majina yake matatu na kazi yake. Aliandika kuhusu lori na mitungi miwili iliyobaki wodini, kuhusu rangi ya buluu juu ya kijani, kuhusu kibao. Aliandika kwamba aliyesogeza hakuona vizuri, na kwamba yeye kama msimamizi na wenzake walijua zaidi ya walivyotaka kujua. Akasoma hadi mwisho.

Pasi alikuwa ameingia kusoma mshale. Hakuusoma. Alibaki mlangoni, kalamu mkononi.

"Umemaliza?" Babu aliuliza.

"Nimemaliza."

"Bado. Ongeza na mengine manne."

"Mengine yapi?"

"Mwezi huu. Magari manne, kabla ya lako. Matatu hayakuwa na neno. La Jumatatu, siku moja kabla ya lako, nilirudi nyuma pale mbele, nikasimama tu, sijui kwa nini. Nikasikia mtoto anacheka. Alikuwa ameshika mkia wa gari." Alipangusa paji la uso kwa mkono wa shati. "Mama yake aliniambia asante kwa kusimama."

Msimamizi alitazama chini kwenye fomu.

"Babu, hayo hakuna aliyeyauliza."

"Ndiyo maana nayasema mimi."

Msimamizi aliinama juu ya meza ndogo ya boila, akaongeza mistari mitatu pembeni, ambako fomu haikuweka nafasi. Akamsomea na hiyo. Babu aliitikia kwa kichwa, akanyoosha mkono mtupu, akasema apewe kalamu, palipo na mstari wa shahidi ni pake.

Inspekta alitazama saa yake. Saa tisa na dakika arobaini. Muda ulitosha kuvuka uwanja, na haukutosha kwa jambo jingine.

Msimamizi alimshika mzee mkono, akauweka juu ya karatasi, akausogeza hadi ncha ya kalamu ikakaa mwanzoni mwa mstari.

"Hapa?"

"Hapa, Babu."

Aliandika taratibu, jina lake lote, kwa mwandiko mkubwa wa mtu aliyejaza vitabu vya safari miaka ishirini na miwili. La kwanza lilikaa juu ya mstari. La pili lilianza kupanda. La tatu likavuka ukingo wa karatasi, kalamu ikaendelea juu ya mbao za meza, nayo haikusimama mpaka herufi ya mwisho ilipokamilika. Msimamizi hakumrekebisha. Alingoja aweke nukta, akaichukua karatasi, akatoka.